Kununua Charger ya Milango Minne

Ikiwa moyo wako umekwisha kushikwa na tamaa ya kumiliki gari la Kimarekani la milango minne lenye injini kubwa kuliko haja, na ukawa umeazimia kwamba gari hilo ni Dodge Charger wala si jingine, basi maneno haya hayakuandikwa ili kukukataza. Wenye kukukataza ni wengi, na aghalabu ni jamaa zako wenyewe. Makusudio yangu ni kukusaidia kutenga vitu viwili ambavyo dalali hodari huviuza kwa bei moja: jina la gari na nasaba yake kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili chuma chenyewe kilichosimama mbele yako, chenye maili zake, mafundi wake, na athari za tabia ya mtu aliyekiendesha kabla yako.

Nasaba hiyo si ya kubuni. Charger ya kwanza ilitoka kwa mwaka wa 1966, ikiwa na milango miwili na paa lililoteremka kwa mstari mmoja hadi nyuma, na mwenye fedha aliweza kuiagiza na injini ya Hemi ya inchi za ujazo 426, yaani lita 7, ile ile ya jamii iliyomfikisha Richard Petty kwenye ushindi wa Daytona 500 mwaka 1964. Mwaka 1968 umbo lake lilibadilishwa, na katika mwaka huo huo sinema ya Bullitt ikaionyesha Charger nyeusi ikifukuzana na Mustang katika vilima vya San Francisco, jambo lililolitangaza gari hilo kuliko tangazo lolote la kulipia. Mwaka 1969 ilitengenezwa Charger Daytona, yenye pua ndefu kama ya chuchunge na bawa lililosimama juu ya buti, na Machi 1970 Buddy Baker aliizungusha katika uwanja wa Talladega kwa mwendo uliopita maili 200 kwa saa, takriban kilomita 322, mwendo ambao kabla yake hakuna dereva aliyekuwa ameandikiwa katika uwanja wa mashindano wa namna ile. Kisha zikaja bima ghali, sheria za moshi, na upungufu wa mafuta wa mwaka 1973, na yale magari ya misuli yakanyauka moja baada ya jingine, hata katika miaka ya themanini jina la Charger likatundikwa juu ya kigari kidogo kinachovutwa na magurudumu ya mbele, ambacho wapenzi wa jina hilo hawapendi kukumbushwa.

Liliporejea kwa mwaka wa 2006 likiwa na milango minne, wahafidhina walilalamika kwamba Charger ya milango minne ni bidaa. Mimi naona walikosa insafu. Gari la misuli halikuwa kamwe gari la anasa wala gari la mashindano lililozaliwa hivyo. Lilikuwa gari la kawaida la kampuni, la kwendea kazini na sokoni, ambalo lilitiwa injini iliyokusudiwa kitu kizito zaidi, likauzwa kwa bei ambayo fundi wa kiwandani angeweza kuilipa kwa mafungu. Kwa kipimo hicho, gari la familia lenye viti vitano na buti la kutosha, likiwa na silinda nane zilizopangwa kwa sura ya V chini ya boneti, limeshika mila ya wazee wake kuliko mengi yenye milango miwili. Nakusihi uukumbuke urithi huo wa injini kubwa katika gari la kawaida unapochagua, kwa sababu utakuepusha na kulipia mapambo.

Ni vyema pia ujue kwamba Mmarekani huyu amezaliwa ughaibuni. Charger zote za milango minne kuanzia ile ya 2006 hadi ya mwisho iliyotoka kiwandani Desemba 2023 ziliunganishwa Brampton, katika jimbo la Ontario, Kanada, na kwa kuwa zilibuniwa katika zama ambazo Chrysler, wenye Dodge, na Daimler, wenye Mercedes-Benz, walikuwa nyumba moja, zilirithi mengi ya chini ya gari kutoka kwa Mercedes-Benz, pamoja na giaboksi ya gia tano katika zile za mwanzo zenye silinda nane. Urithi huo wa Kijerumani ni sababu mojawapo ya gari zito la karibu tani mbili kutulia barabarani kwa heshima isiyotarajiwa.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wa mwaka na injini. Zile za 2006 hadi 2010 ni rahisi kwa bei, na urahisi huo una sababu zake: ndani yake mna plastiki ngumu iliyo baridi kuigusa, injini ndogo ya lita 2.7 ina sifa mbaya ya kuzibwa na tope la mafuta, na, lililo zito kuliko yote, mifuko yao ya hewa ilitengenezwa na Takata, ile ambayo kipulizio chake huweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Novemba 2022 kampuni iliwataka wenye magari hayo ambayo hayajarekebishwa wasiyaendeshe kabisa. Marekebisho ni ya bure, lakini usikubali kuondoka na gari ambalo muuzaji hana ushahidi kwamba yamefanywa. Zile za 2011 hadi 2014 zina sura nzuri na ndani pastahifu zaidi, na injini ya V6 ya lita 3.6, iitwayo Pentastar, yenye nguvu za farasi 292 na ulaji wa mafuta unaovumilika, ijapokuwa za mwanzo mwanzo zilitoka na kasoro katika silinda hedi ya kushoto, nayo hujulisha kwa injini kukosa moto katika silinda moja ya upande huo. Za silinda nane za miaka hiyo bado zina giaboksi ya gia tano.

Kuanzia mwaka wa 2015 gari likawa jambo jingine. Giaboksi ya gia nane, iliyobuniwa na wajuzi wa ZF wa Ujerumani, iliwekwa katika aina zote zilizouzwa kwa raia, na hiyo peke yake inatosha kukufanya uongeze fedha kidogo ukapate ya mwaka huo au ya baadaye. Hapo ndipo utakapokutana na ngazi nne: V6; R/T yenye Hemi ya lita 5.7 na nguvu za farasi 370; Scat Pack yenye lita 6.4 na farasi 485; na Hellcat yenye lita 6.2 na supachaja, farasi 707, na katika miaka ya mwisho aina ya Redeye yenye 797. Ukiniuliza mimi, nitakujibu bila kusita: Scat Pack. Injini yake haina supachaja, hivyo pumzi yake ni ya asili na matengenezo yake yako katika uwezo wa gereji yoyote nzuri; breki zake ni za Brembo; na ilipotoka mwaka 2015 iliuzwa kwa bei iliyokuwa chini kidogo ya dola 40,000, ilhali Hellcat ilianzia karibu dola 64,000. Tofauti ya bei ile, ambayo mpaka leo yaonekana katika soko la mitumba, hununua kasi ambayo hakuna barabara ya halali utakayoitumia.

Hellcat ina funguo mbili. Ufunguo mwekundu huziachia nguvu zote 707, na mweusi huzifunga zisipite 500 hivi, ili umpe kijana wako au mwegeshaji wa hotelini bila kuingiwa na hofu. Na ukimkuta muuzaji ana mweusi tu, muulize mwekundu u wapi, na usilegee mpaka akujibu, kwa maana huenda umebaki mkononi mwa mtu asiyejulikana. Wezi wanalijua gari hili kuliko wanunuzi. Taasisi ya Marekani inayokusanya takwimu za hasara za bima, HLDI, ilieleza mwaka 2023 kwamba madai ya wizi wa Charger Hellcat za miaka ya 2020 hadi 2022 yalikuwa zaidi ya mara 60 ya wastani wa magari yote. Dodge walikuwa wamekwisha kutoa programu ya ulinzi ambayo, namba ya siri isipoingizwa, huizuia injini isipite mizunguko 675 kwa dakika, nguvu isiyofika farasi watatu. Uliza kama gari unalolitaka limewekewa programu hiyo, na, muhimu zaidi, piga simu kwa kampuni ya bima kabla ya kupiga simu kwa muuzaji. Wako vijana wengi walioweza kulipa fungu la mkopo wa gari hili lakini wakashindwa na bima yake, na bima ndiyo iliyowanyang'anya gari.

Ukisha kupata gari unalolipenda kwa mbali, agana na mwenyewe ulione asubuhi, na umshurutishe asiliwashe kabla hujafika. Utakapofika, kabla ya salamu hazijaisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, jua kwamba limekwisha kuwashwa ili lisikuonyeshe sauti yake ya baridi, nawe uliomba hasa uisikie sauti hiyo. Hemi ina maradhi mawili yanayofanana sana masikioni mwa mgeni na yasiyofanana hata kidogo katika gharama. La kwanza ni bolti za manifodi ya ekzosi: chuma cha manifodi na chuma cha hedi hupanuka kwa joto kwa kadiri zisizolingana, na baada ya miaka ya kupanuka na kunywea, bolti za mwisho, hasa za nyuma, hukatika vichwa. Gari likiwa baridi utasikia tik-tik-tik upande mmoja wa injini, na baada ya dakika chache, chuma kikisha kupanuka na kuziba mwanya, sauti hufifia au hupotea; ukimulika kwa tochi yamkini utaona weusi wa masizi pale moshi ulipopenya. Hilo si la kukukimbiza, ni la kupunguzia bei.

La pili ni la kukukimbiza. Ndani ya injini mna vijiti vya kuinua valvu, na chini yake mna lifta zenye kigurudumu kidogo kinachobiringika juu ya kemshafti. Kigurudumu hicho kikiharibika huacha kubiringika, huanza kukwaruza, na kemshafti huliwa polepole mpaka silinda ikose pumzi. Sauti yake ni ile ile tik-tik, lakini haififii injini ikipata joto. Huongezeka pamoja na mizunguko, na mara nyingi huambatana na mtetemo na taa ya injini kwenye dashibodi. Kutengeneza ni kufungua hedi zote mbili, kutoa kemshafti, na kulipa fedha ambazo zingekununulia gari jingine dogo la kutembelea. Wako mafundi wasemao kwamba magari yaliyounguruma kwa saa nyingi yakiwa yamesimama ndiyo yaumwayo zaidi, kwa sababu mafuta hayafiki vizuri juu ya lifta wakati injini ikizunguka taratibu. Wengine hulaumu mtambo wa kuzima silinda nne ili kubana petroli. Mimi sina haja ya kuwaamulia. Sikiliza tu, tena sikiliza ukiwa umefungua boneti na umezima redio ambayo muuzaji, kwa ukarimu wake, ameiwasha.

Baada ya sauti, soma tabia za dereva aliyetangulia, kwa maana gari la namna hii hununuliwa na watu wa aina mbili, na mmoja wao alilinunua ili ayachome matairi. Inama nyuma ya gurudumu la nyuma, uingize mkono ndani ya tao: ukikuta chembechembe za mpira mweusi zimeganda juu ya plastiki, umempata. Angalia kama matairi ya nyuma ni mapya ilhali ya mbele ni ya zamani, au ni ya chapa mbili tofauti. Angalia midomo ya rimu. Endesha polepole juu ya matuta ukiwa umefungua vioo, usikilize kugonga kwa bushi za mbele, ambazo katika magari mazito haya huchoka mapema. Kisha endesha kwa upole barabarani, ukifuatisha jinsi gia zinavyobadilika, kwa kuwa kila gari huenda vizuri likikanyagwa, na maradhi ya giaboksi hujidhihirisha katika mwendo wa taratibu wa foleni.

Usikose kwenda na fundi mwenye kompyuta ya kusoma injini, na kumwomba asiangalie makosa yaliyoandikwa peke yake. Muuzaji mjanja hufuta makosa usiku wa kuamkia siku yako, nawe utakuta kompyuta safi kama karatasi isiyoandikwa. Lakini gari likifutwa kumbukumbu, vipimo vyake vya ndani vya moshi hurudi kuwa havijakamilika, na huchukua siku kadhaa za mwendo wa kawaida kukamilika tena. Vipimo vingi visivyokamilika katika gari ambalo mwenyewe anaapa analiendesha kila siku ni ushahidi tosha, nawe waweza kuaga kwa adabu.

Hati nazo zina hila zao. Namba ya utambulisho ya gari ina tarakimu na herufi 17. Ya Charger hizi huanza na 2, alama ya Kanada, na alama ya nane, katika magari ya kuanzia 2015, hukwambia injini iliyozaliwa nayo: G ni lita 3.6, T ni lita 5.7, J ni lita 6.4, na 9 ni ile ya supachaja. Nimetaja jambo hili kwa sababu beji za R/T na Scat Pack huuzwa madukani, na V6 iliyovalishwa beji, bawa na ekzosi ya kelele ni bidhaa ya kila siku sokoni. Linganisha namba iliyo chini ya kioo cha mbele na ile ya kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kisha iingize namba hiyo katika tovuti ya NHTSA, idara ya usalama barabarani ya Marekani, nayo itakuonyesha bure marekebisho gani ya kiwandani hayajafanywa. Kwa za 2012 hadi 2014 zenye giaboksi ya gia nane usikose kuuliza habari za mkono wa gia wa elektroniki, ambao hurudi katikati kila usukumwapo, hata baadhi ya watu wakashuka wakidhani gari limefungwa nalo likabiringika.

Marekani gari lililofutwa na bima kwa ajali au mafuriko huandikwa hivyo katika hati yake, lakini muhuri huo umewahi kupotezwa kwa kulihamisha gari kutoka jimbo moja hadi jingine, na ndiyo sababu ya kutafuta pia kumbukumbu za NMVTIS, daftari la kitaifa la hati za magari. Magari mengi ya namna hiyo huvuka bahari. Ndugu zetu wa Maskati, Dubai na Sharja wanalijua jambo hili vema, kwa maana Charger inapendwa Ghuba kama halua, na katika masoko kama Al Aweer na Souq Al Haraj utakuta gari lililoagizwa na wakala kwa ajili ya joto la Ghuba limesimama kando ya jingine lililookotwa mnadani Marekani likiwa limebonyea, likanyooshwa na kupakwa rangi. Saa ya mwendo yenye maili kwa namba kubwa ni dalili ya awali kwamba umesimama mbele ya la pili. Mlango kwa mlango, pitisha kipimo cha unene wa rangi, na inua zulia la buti uone kama chuma cha chini kina mikunjo ya nyundo au michirizi ya matope makavu.

Na msomaji wa Mombasa au Nairobi, ambaye amekuwa akisoma kwa uvumilivu, sharti aambiwe wazi: kiwanda hakikutengeneza Charger hizi zenye usukani wa kulia, na kanuni za Kenya hazikubali kuingizwa kwa matumizi ya kawaida gari lenye usukani wa kushoto, wala lililopita umri wa miaka 8. Ikiwa roho haitulii, mtazame dada yake, Chrysler 300C, ambaye alitengenezwa pia kwa usukani wa kulia kwa ajili ya Uingereza, Australia na Japani, ingawa umri wake nao utakusumbua.

Magari yaliyostaafu polisi yana bei ya kuvutia na historia ya kuchosha. Utayatambua kwa matundu yaliyozibwa karibu na nguzo ya kioo palipokuwa na taa ya kumulikia, na rimu za chuma. Breki zake ni imara na huduma zake aghalabu zimefuatwa kwa tarehe; lakini omba uonyeshwe kwenye skrini saa ambazo injini imeunguruma gari limesimama, kisha rejea habari ya lifta niliyokueleza.

Kuhusu Charger mpya iliyofuata baada ya 2023, ile ya umeme na nduguye wa silinda sita zenye turbo mbili, nitasema tu kwamba ni gari jingine lenye jina lile lile, na mwenye kulitaka angoje wengine wamalize kuyagundua maradhi yake.

Ukisha kulipa na kupewa hati iliyo safi, jambo la kwanza ni gereji, kabla ya kwenda kwa rafiki zako. Mwaga mafuta ya injini, hata muuzaji akiapa kwamba ni ya jana: 5.7 hutumia 5W-20, na 6.4 na 6.2 hutumia 0W-40, na zote hunywa karibu lita 6.6. Petroli nayo usiifanyie ubahili: kwa 5.7 kiwanda kimependekeza oktani 89 ya Kimarekani, kwa 6.4 kimependekeza 91, na kwa Hellcat 91 hiyo ni lazima, nayo kwa hesabu ya Ghuba ni karibu sawa na 95. Plagi za Hemi ni 16, mbili kwa kila silinda, basi fundi akikuletea 8 na akasema kazi imekwisha, mwambie afungue tena boneti.